Mbegu za Mama kwenye Ukuta wa Darasa

Mwalimu wa sanaa aliagiza kila kikundi kilete mbegu za rangi tofauti tofauti. Wangechora picha kubwa kwenye boksi, kisha wabandike mbegu mahali pa rangi, maana rangi za dukani ni ghali na mbegu hazikosekani nyumbani. Wazo zuri, nikasema. Nilimfungia binti yangu maharage na punje za mahindi kwenye mfuko, nikawahi ofisini, nikasahau.

Kikundi chake kilichagua kumchora ng'ombe dume. Maharage yakawa ardhi, choroko zikawa majani, mahindi yakawa jua. Ngozi ya dume ndiyo iliyowashinda. Walitaka kijivu, na kwa kijivu hakuna mbegu inayoushinda uwele.

Uwele ulikuwepo kwetu Chang'ombe, ila ulikuwa wa mama yangu. Mama ana shamba kijijini, njia ya kwenda Kondoa, na kila kiangazi huja kukaa nasi mjini. Huja na mbegu zake, kwa sababu nyumba ikibaki tupu panya hufanya sherehe. Masuke ya mbegu huyachagua yakiwa bado shambani, yale marefu yaliyojaa vizuri, akayafunga kamba na kuyaning'iniza juu ya mafiga kwenye jiko letu la uani, yapate moshi, wadudu wasiyaguse. Mbegu yenyewe aliipokea kwa mama yake. Nilipokuwa mdogo kuna mwaka wa njaa tulilala na maji ya moto tumboni, masuke yakining'inia juu ya vichwa vyetu. Nililia nikiyatazama. Mama alisema mbegu hailiwi, na hatukuila.

Binti yangu naye amelisikia katazo hilo tangu anajifunza kutembea. Siku mama alipoinua uso jikoni na kuona kamba tupu, alimwita kwa sauti iliyonitoa chumbani mbio.

"Nani amekula mbegu?"

"Hakuna aliyekula, bibi. Tumebandika tu."

Alijibu bila woga wowote, tena kwa fahari, kama mtu aliyetumwa dukani akarudi na chenji kamili. Nikainua mkono nimzabe kofi. Mama akaudaka.

"Mwache. Nilimkataza kula. Hakula."

Asubuhi tukaongozana shuleni. Mama alibeba ungo na kitambaa safi, maana tulidhani ni gundi tu, tutabandua taratibu, tutaosha, tutaanika. Mwalimu, kijana mpole wa watu, alimwamkia.

"Shikamoo, bibi. Karibu uone kazi ya mjukuu wako."

"Marahaba, mwanangu."

Dume lilikuwa ukutani, linang'aa. Nikajua kabla sijaambiwa. Juu ya gundi walikuwa wamepaka vanishi, tabaka juu ya tabaka, punje zisidondoke. Mama alichokonoa moja kwa ukucha, akaiuma, akaitema kiganjani na kuitazama.

"Imekufa," alisema.

Mwalimu akaanza kuomba radhi, maneno yakimtoka ovyo, mara atanunua nyingine, mara hakujua. Mama aliuliza tu pembe zimechorwa na nani. Binti yangu akanyoosha kidole juu.

"Zimekaa vizuri," mama akamwambia.

Tulirudi na ungo mtupu. Nilikuwa na hasira na mwalimu, na mtoto, na fundi wa kwanza kubuni vanishi, na ningekutana na mbuzi njiani ningemgombeza. Usiku ule mama hakula, akasema tumbo limejaa.

Kijijini hakukuwa na wa kumwomba. Majirani zake walishahamia zamani kwenye mbegu ya dukani, ile fupi inayokomaa haraka, na walikuwa wakimcheka kwa kung'ang'ania yake. Basi nami nikamnunulia hiyo ya dukani. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, kuliko inavyompasa mzazi kumshukuru mwanawe. Nilijisikia vibaya.

Mvua zilipoanza akapanda basi kwenda kwake. Mbegu iliota, siwezi kusema uongo. Iliota yote, mistari imenyooka, na bwana shamba alipopita alimsifu. Nikajipa moyo kwamba yamekwisha.

Miaka yote simu za mama huwa ni za shamba. Shamba langu limefanya hivi, ndege wa watu wamelivamia shamba langu, hata salamu zenyewe huwa hazijaisha. Mwaka huu ikabidi nipige mimi. Nikamuuliza palizi imefikia wapi.

"Mimi niko hapa kivulini, mwanangu," alisema. "Majani yamekuwa mengi. Mkipata nafasi njooni mpalilie shamba lenu."

Nikasubiri acheke, nikidhani ananitania. Akaniuliza watoto hawajambo.