Nilivyomtafsiria vibaya mlisha wanakondoo wa Temeke, akafukuzwa kwa kosa langu

Wakuu, hamjambo humu ndani. Kama kuna wa rika langu aliyebaki, nakupa mkono.

Mie nimeshavuka tisini. Naishi Bunju kwa mjukuu wangu, macho bado yanaona ila vidole vinatetemeka, kwa hiyo mkikuta herufi zimepishana mnisamehe.

Hiki ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe. Wale wa "babu hiyo chai", sawa, piteni kushoto. Ningekuwa natunga, ningejitungia nafasi nzuri kuliko hii niliyonayo humu.

Chanzo ni huyo mjukuu. Yupo chuo, anasoma lishe ya mifugo. Juzi alikuwa mezani anaandika proposal yake, akaniambia tu ili nisikae kimya, "Babu, mie research yangu ni kuongeza amino asidi kwenye chakula cha wanakondoo wanaokua." Akaitaja moja, methionine.

Nikaweka kikombe chini.

Akaniuliza, "Unaijua?"

Nikamwambia siijui.

Nimemdanganya mtoto wa mwanangu ndani ya nyumba yake. Usiku ule sikula vizuri, na kulipokucha nikaomba simu.

Haya, tuanze.

Miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, mie kijana wa Upareni niliyemaliza shule ya misheni na nikapata kazi Dar. Kituo chenyewe kilikuwa kidogo, cha mifugo, pembeni mwa Temeke. Msiifikirie Temeke ya leo. Ilikuwa minazi, mihogo, nyumba za makuti na njia za mchanga. Kituoni kulikuwa na mabanda mawili, ofisi ya mabati na mizani ya kupimia wanyama.

Tulikuwa watu watatu tu wanaohusika na stori hii.

Wa kwanza, Bwana Daktari, Mzungu wa mifugo. Mtu mpole, mgeni kabisa nchini. Kiswahili chake kilikuwa "jambo", "maji" na "upesi".

Wa pili, Mzee Chilumba, Mmakonde wa huko Newala, mlisha mifugo. Hakusoma, lakini alikuwa anajua mwanakondoo anaumwa kabla mwenyewe kondoo hajajijua. Aliishi na mkewe, Bi Somoe, kwenye kijumba cha kituo nyuma ya mabanda. Walikuwa na kashamba kadogo pale, mbele mihogo, nyuma kunde.

Wa tatu mie. Karani. Kazi yangu kuandika uzito, kutoa dawa, na kumtafsiria Bwana.

Nilikuwa navaa kaptura nyeupe imepigwa pasi mpaka mkunjo unakata. Nawaambia hili mjue nilikuwa mtu wa aina gani.

Experiment ilikuwa hivi. Wanakondoo kumi na sita, wameachishwa kunyonya. Nane tuliwapaka rangi nyekundu sikioni, nane bluu. Wote walikula majani makavu, pumba za mahindi na mashudu ya karanga kidogo. Ila wale wekundu, kila asubuhi, kila mmoja alitakiwa apate kijiko kidogo cha unga mweupe kutoka Ulaya. Ndiyo hiyo methionine. Bwana alikuwa anataka kujua kama itawakuza haraka kuliko wenzao.

Kwa wafugaji waliomo humu: kondoo si kuku. Tumbo lake lina vyumba, na vijidudu vya chumba cha kwanza vinaitafuna hiyo amino kabla mnyama hajafaidi. Mjukuu anasema siku hizi wanaifunika na kitu ili ipite salama. Enzi zile hatukujua hayo. Bwana mwenyewe alikuwa anabahatisha.

Sasa shida. Ule unga unanuka. Fikiria kabichi iliyooza ukaichanganya na kiberiti. Wanakondoo hawakuutaka, kwa hiyo ilibidi ukorogwe na molasesi, umshike mmoja mmoja, umpanue mdomo, umlishe kwa mkono. Nane, kila asubuhi. Ile harufu inaganda kwenye vidole, sabuni haiitoi.

Na mie nilikuwa naenda dansi Jumamosi na makarani wenzangu. Siku moja binti mmoja niliyekuwa namtaka alinipa mkono, akaunusa wake, akacheka. Wenzangu nao wakacheka. Wakaniita Karani Kabichi.

Wakuu, naona aibu kuandika kwamba sababu ni hiyo tu. Lakini ndiyo hiyo. Sina nyingine.

Jumatatu yake sikuwapa. Nikaweka alama ya vema kwenye daftari kana kwamba nimewapa. Jumanne hivyo hivyo. Nikaendelea kwa zaidi ya wiki tatu, kopo la unga limekaa tu kabatini.

Mzee Chilumba aliona. Aliniuliza mara moja tu, "Karani, leo huwapi dawa watoto?" Alikuwaga anawaita watoto.

Nikamjibu, "Mzee, hayo ni mambo ya kitaalamu."

Akasema, "Haya mwanangu." Akaendelea kufagia banda.

(Samahani wakuu, nilikatisha kwenda kunywa dawa zangu. Naendelea.)

Siku moja Bwana akaja na habari kwamba wiki inayofuata atapima unga uliobaki kwenye kopo, alinganishe na daftari langu. Alisema kwa kawaida tu, wala hakunishuku. Lakini mie nikaenda kabatini, nikaliona kopo limejaa kuliko daftari linavyosema.

Ningeweza kuumwaga ule unga. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikuumwaga chooni yakaisha. Nadhani nilitaka kujidanganya kwamba nalipa deni, kwamba wakiupata wote hata kwa kuchelewa, uzito wao utakuja sawa na daftari litakuwa limesema kweli.

Kwa hiyo nikawapa. Dozi za wiki tatu na zaidi, ndani ya siku nne. Nikawashindilia na molasesi nyingi, asubuhi na mchana.

Siku ya tatu wakaanza kuacha kula. Siku ya nne wamesimama wameinamisha vichwa, pumba zimejaa kwenye hori, hakuna anayegusa.

Mzee Chilumba alihangaika nao kama mtu mwenye wagonjwa nyumbani. Akaenda shambani kwake nyuma, akachuma majani machanga ya kunde, akaja akakaa chini na wale wekundu, anampa huyu jani, anambembeleza yule. Wawili watatu wakatafuna kidogo.

Kulipokucha watatu wamekufa.

Bwana Daktari alifika, akainama, akaangalia midomo na macho. Akakuta mabaki ya majani kwenye hori. Akayaokota, yamesagika na kunyauka, hayatambuliki. Akaniambia kwa Kiingereza, muulize mzee hiki ni nini.

Hapa ndipo penyewe, wakuu. Yote niliyosema huko juu ni utangulizi.

Nikamuuliza mzee. Akanijibu akiwa amevua kofia, namkumbuka alivyoishika kwa mikono miwili:

"Mwambie Bwana, nimewapa majani ya kunde, baada ya kuona hawali. Walikuwa wameshaugua siku mbili. Mwambie hivyo hivyo."

Nikageuka kwa Bwana. Nikasema kwa Kiingereza changu cha misheni: anasema aliwapa majani kutoka shambani kwake.

Basi. Nikanyamaza.

Sikusema uongo hata neno moja. Nimejitetea kwa hilo miaka mingi sana. Nilichofanya ni kuacha kunde, na kuacha "baada ya kuona hawali".

Bwana akatazama nyuma ya mabanda. Kutoka pale tulipo, kinachoonekana ni mihogo. Kunde zipo nyuma, hazionekani. Na kila mtu wa mifugo anajua majani mabichi ya muhogo yanaweza kuua mnyama. Akauliza, "Cassava?"

Mzee hakuelewa swali. Mie nilielewa. Nikainua mabega.

Kopo likapimwa siku ile ile. Unga ulilingana na daftari langu kwa usahihi kabisa. Bwana akanipongeza kwa uangalifu wangu, palepale, wanakondoo watatu wamelala chini, na mzee amesimama anatuangalia akisubiri nimwambie kimesemwa nini.

Nikamwambia, "Mzee, Bwana anasema ni majani."

Akaniuliza, "Ulimwambia ni kunde?"

Nikasema, "Nimemwambia."

Alifukuzwa kesho yake. Na kijumba kilikuwa cha kituo, kwa hiyo walitoka yeye na Bi Somoe na mikeka yao. Alipita ofisini kuniaga. Akasema, "Ahsante mwanangu kwa kunisemea. Mzungu akishaamua ameamua."

Alinishukuru, wakuu.

Miezi kadhaa ikapita. Wanakondoo wekundu waliobaki walidumaa, wale wa bluu wakawapita, experiment ikaandikwa kwamba imeharibika. Mie nikapendekezwa kwenda kusoma uganga wa mifugo bara. Barua ya kuitwa ilipofika, sikuweza kuifurahia. Nikasema siondoki kabla sijamwona mzee.

Nilimkuta kwenye chumba cha kupanga, huko huko Temeke upande wa pili. Alikuwa anasuka kamba za makumbi barazani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba karani wangu! Somoe, tuna mgeni, leta kahawa."

Akaanza kuniulizia watoto. Yule mwenye mguu mfupi anaendeleaje? Yule anayepiga wenzake kichwa bado mtundu? Nikaiweka kahawa chini. Nikamwambia yote. Dansi, harufu, kopo, siku nne. Nikamwambia na maneno niliyoyaacha.

Nilitegemea anitukane. Nilijiandaa hata kwa kofi.

Aliiweka kamba magotini. Halafu akauliza taratibu, "Kwa hiyo ni ule unga?"

"Ndiyo mzee."

"Si kunde zangu?"

"Si kunde zako."

Akafunika uso na kiganja. Akasema, "Mie nilikuwa najua ni mie. Nilisema labda ardhi ile ilikuwa na kitu, labda nilichanganya na jani baya bila kuona. Jirani hapa alinipa mbuzi nimchungie, nikakataa. Nilisema mkono wangu unaua."

Wakuu, kufukuzwa kazi nilikuwa nimekwisha kupigia mahesabu, nikajiambia atapata nyingine. Hili sikulipigia hesabu. Nilimwondolea mtu imani na mikono yake mwenyewe, kitu pekee alichokuwa nacho na ambacho mie na shule yangu sikuwa nacho.

Bi Somoe alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Mwanamke wa maneno machache. Hakupiga kelele.

Akaniuliza, "Na yule Mzungu umemwambia?"

Nikasema bado, nilitaka kuanza kwao.

Akasema, "Hapa ulipoanza ni rahisi. Sisi hatuna cha kukufanya."

Mzee akamkataza, "Mwache, kijana amekuja mwenyewe." Akanisindikiza mpaka njiani. Aliniomba kitu kimoja tu: nikamwambie Bwana kwamba Chilumba hakulisha muhogo. Hakutaka kurudishwa kazini. Alitaka Bwana ajue tu.

Nikamwahidi Jumatatu.

Jumatatu nilifika ofisini mapema. Bwana alikuwepo, mlango wazi, anakunywa chai. Nikasimama. Barua ya chuo ilikuwa na sahihi yake. Akaniuliza kama nimeshafunga mizigo. Nikasema ndiyo, Bwana. Akanitakia safari njema, akanipa mkono.

Nikaondoka na treni wiki hiyo hiyo.

Nimesomea mifugo. Nimekuwa bwana mifugo karibu miaka thelathini. Nimetibu ng'ombe, mbuzi na kondoo kuanzia Same mpaka Wazo, watu wameniita daktari, nimejenga. Kila kitu nilichokula humo kimepita kwenye mlango ule wa ofisi.

Nilirudi kumtafuta baada ya masomo. Chumba kilikuwa na watu wengine. Wakaniambia wale wazee wa Newala walisharudi kwao kitambo. Newala nimewahi kutumwa kikazi mara moja, siku tisa. Sikuuliza. Niliogopa kwamba bado yupo hai.

Hiyo sentensi nimeiandika nikaifuta mara tatu. Nimeamua ibaki.

Somo langu, kama mtu wa aina yangu anaruhusiwa kutoa somo. Wewe unayemtafsiria bibi hospitali, unayemjazia mzee fomu ya ardhi, unayemwandikia fundi ripoti kwa bosi: yule mtu hana njia ya kukukagua. Ukiacha neno moja, hatajua. Atakushukuru. Sema kila alichosema, hata kama kinakuangukia wewe.

Na la pili, kumwambia uliyemkosea peke yake, chumbani, halafu mbele ya wenye uamuzi ukanyamaza, hiyo mie nimeijaribu. Haitoshi.

Kama kuna humu aliyewahi kuponzwa na mkalimani, au aliyekuwa mkalimani akaacha neno, aandike hapa chini, nitasoma yote hata kama ni polepole. Matusi nayo nayapokea. Ila msinionee huruma kwa ajili ya umri wangu. Nilikuwa kijana mwenye akili timamu nilipoinua yale mabega.