Alama ya Penseli Juu ya Yai

Sijui kama mimi ndiye wa kuyaandika haya. Shule niliiacha mapema, na mambo ya iguana nimeyajua kwa kusafisha vizimba tu.

Mzee tunayemfanyia kazi hapa mtaa wa Troyeville anawafuga uani, kwenye nyumba ya vioo. Ni mijusi wakubwa wa kijivu, asili yao kisiwa cha mbali ambako paka na mbwa walioletwa na watu wamewala watoto wao karibu wote. Ndiyo maana kila yai lina thamani. Ndugu zangu wanaokaa mtaa wa Joubert Park wananicheka: "Bado unawaogesha kenge wako?"

Jike lilipotaga, mzee aliyafukua mayai mchangani, akayaweka kwenye mashine ya joto, kila moja na alama ya penseli juu. Kisha akasafiri. Umeme ukakatika mtaa mzima siku ambayo sikuwa na zamu, na dada Mrundi ninayefanya naye kazi akabaki peke yake na yale mayai. Akayafunika blanketi, akayazungushia chupa za maji moto. Halafu akayageuza. Kwao, kama kwetu, mayai ya kuku yakikosa wa kuyaatamia huwekwa alama ya mkaa, ujue upande gani umeshageuzwa. Ningekuwepo, nadhani hata mimi ningegeuza.

Mzee aliporudi alikuta alama zote zimelala chini. Akakaa juu ya ndoo.

"Haya hayageuzwi," alisema taratibu. "Kitoto hujishikiza kwenye ganda, upande wa juu. Ukigeuza, kinakufa."

"Sasa alama ilikuwa ya nini?" dada akauliza.

"Ili yasigeuzwe."

Sitaki kumwonea mtu. Mzee hakutuambia, dada hakuuliza. Na huenda ni baridi iliyoua. Mzee mwenyewe alisema hajui, wala hakumfukuza. Lakini kila asubuhi dada alikwenda kuyatazama kabla hajavua koti, nayo yakabonyea moja moja, yakaota ukungu. La mwisho mzee alilipasua kwa mkasi. Ndani kulikuwa na vidole, vina kucha tayari.

Jike bado linalinda shimo lake tupu. Ukipita na fagio linatikisa kichwa, linakujia. Leo nilimwambia dada upande ule nitafagia mimi.

"Acha, kaka," akasema. "Anikimbize mimi."