Sisimizi Ndani ya Chipu

Kikulacho ki nguoni mwako, na aliyemla Sisimizi alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Sisimizi ni fundi wa elektroniki, mwembamba, hachoki. Ndiyo asili ya jina. Miezi saba aliandika programu ya mashine ya kutotolea vifaranga: joto, unyevu, mota ya kugeuza mayai. Kosa lake lilikuwa moja: hakuifunga chipu iliyobeba programu hiyo isisomeke. Amfungie nani, na wanakula sahani moja? Shemeji akainyonya programu yote, akafungua karakana, akajiita mvumbuzi. Sisimizi alipolalamika, akajibiwa mbele ya ndugu wote, "Mwanamke na nyaya wapi na wapi?" Wakacheka. Jamani, kicheko kile! Mwaka mzima kilimkaa kooni.

Basi siku ya kuwaonyesha wanunuzi, mashine ikagoma. Shemeji alikuwa amejaribu kuibadilisha programu bila kuichomoa mota, asijue kwamba mota na nyaya za kuingizia programu zinatumia miguu ileile ya chipu. Programu ikaingia nusu. Akampigia Sisimizi simu, mdomo asali tupu: "Shemeji yangu, njoo uniokoe."

Sisimizi akaja mbio! Wewe ungebaki nyumbani?

Wanunuzi watatu walikuwa kwenye viti vya plastiki, wanatazama saa.

"Ing'oe hiyo chipu, haraka," shemeji akahimiza.

"Haing'olewi. Inaingiziwa programu ikiwa hapohapo."

Akachomoa mota, akabana nyaya sita za kompyuta yake kwenye bodi, akabonyeza kitufe. Hakuharibu kitu, ingawa mkono ulimwasha kuharibu. Alipoirudisha mota, trei ziliinama polepole, joto likapanda, skrini ikawaka: IMEBUNIWA NA SISIMIZI.

"Futa hilo jina," shemeji akanong'ona, jasho linamtiririka.

"Safari hii nimefunga. Ukilifuta, programu yote inakwenda nalo. Chagua."

Mnunuzi mmoja akasogea, akasoma. "Sisimizi ndiye nani?"

Shemeji akaitazama mashine, kisha akawatazama wageni.

"Ni... huyu hapa."

Sisimizi akaweka mikono kiunoni. Roho yake ilikuwa imeburudika kuliko siku yoyote ya mwaka ule.

"Paza sauti, shemeji," akasema. "Paza kama siku ile."