Samaki wa Siamu katika Nyumba ya Eda

Mume wangu wa kwanza alifariki kwa homa, vita vikiwa vimekwisha na meli za abiria zimeanza tena kuingia Kilindini. Nilikaa eda katika nyumba ya mavyaa wangu, mtaa wa Kuze, chumba cha juu. Mavyaa alikuwa mjane vile vile, na marehemu alikuwa mwanawe wa pekee. Hatukuwa na mengi ya kuambiana. Asubuhi tulichagua mchele, baada ya magharibi tulisoma, na baina ya hayo kila mmoja alikaa upande wake, juu ya mkeka wake.

Ndugu yangu alikuwa mpishi melini. Aliporudi safari alikuja kunipa mkono wa tanzia, kwapani amebana chupa pana ya kioo, ya aina ile wenye maduka waliyotilia peremende. Ndani mlikuwa na samaki mmoja asiyezidi kidole, mwekundu wa kuiva, mapezi yana buluu, na mkia umemwagika kama shela.

"Huyu ni wa Siamu," alisema. "Kule wanaume huwapiganisha kama majogoo. Nimekuletea upate kitu cha kutazama, dada."

"Anakula nini?"

"Viluwiluwi vya mbu. Hapa mtaani hatakosa."

Mavyaa alimtazama samaki kwa muda, kisha akasema, "Kiumbe hawekwi peke yake hivi. Mtafutie wenziwe."

Chupa ilikuwa ndogo kwa zaidi ya mmoja, kwa hiyo ndugu yangu alimwendea fundi bati, akatutengenezea sanduku la vioo, pembe zimezibwa kwa lami. Tuliliweka dirishani. Haukupita muda maji yakawa kijani, samaki haonekani. Nikalisogeza ukutani, mahali jua halifiki, nikabadilisha maji kidogo kidogo, maana nilipoyabadilisha yote kwa mara moja samaki alizubaa siku nzima.

Wenziwe wa kwanza walitoka katika birika la msikiti wa jirani, ambamo waliwekwa visamaki vya kula mbu. Mavyaa alitaka madume, kwa kuwa ndio wenye mikia ya rangi. Tulipowatia, yule wa Siamu alisimama, akafungua mashavu, akatanuka mpaka akawa kama samaki mwengine. Aliwadhania kuwa madume wa jinsi yake. Kufikia alasiri mmoja alikuwa hana mkia, na mwengine amejibanza pembeni. Nilimwokoa huyo kwa kichungi cha chai, akarudishwa birikani. Asiye na mkia alikufa.

"Kwani amewakosea nini?" mavyaa aliuliza.

"Wamependeza," nilimjibu.

Mimea nayo ilianza vibaya. Ndugu yangu alileta mwani kutoka pwani, mzuri wa kutazama. Kesho yake ulikuwa umeoza katika maji matamu, sanduku linanuka, na samaki anapanda juu kutweta. Tukautupa. Safari hii alivuka kwenda bara, akaenda kwenye kidimbwi upande wa Changamwe, akarudi na ndoo: magugu laini yaliyosimama majini kama mkia wa paka, mche mchanga wa yungiyungi, na mimea mingine ya kuelea, mizizi yake imening'inia kama ndevu. Nilitia yote. Ile ya kuelea ilizaana upesi, ikafunika uso wa maji wote, nikamwona samaki akigonga majani kwa kichwa. Hapo ndipo nilipofahamu kuwa huyu huvuta hewa ya juu kama sisi. Nikaing'oa, nikabakisha kidogo pembeni. Yungiyungi liliponyoosha jani lake, alilifanya kitanda. Alilala juu yake, ubavu karibu na hewa.

Katika ndoo ile walikuja pia konokono, wala hatukuwaagiza. Samaki aliwadonoa pembe, wakajifungia ndani, akachoka nao. Wakawa ndio wasafishaji wa vioo.

Walikuwamo vilevile visamaki vya kidimbwini, vya namna mbili. Vyenye mistari vilikuwa vyepesi na vitundu. Vilimfuata nyuma vikimnyofoa mkia, naye kwa uzito wa mapezi yake hakuwahi kugeuka. Nikavitoa. Vya namna ya pili vilikuwa vya kijivu, mkia mfupi, vinakaa chini kwenye mchanga na kuokota makombo. Alivishukia, akavitazama, akatanuka kidogo, kisha akarudi kwenye jani lake. Nilikesha na wasiwasi kwa ajili yao, lakini asubuhi wote walikuwapo.

Mavyaa alihamisha mkeka wake. Alisema upande wangu una upepo. Tukawa tunatazama pamoja, na katika kutazama akaanza kunihadithia mwanawe alipokuwa mdogo, mambo ambayo mwenyewe marehemu hakuwahi kuniambia. Eda ilipokaribia kwisha aliniuliza, macho yake kwenye sanduku:

"Ukitoka, utarudi kwenu?"

"Wanataka nirudi. Pana mtu ameshaleta maneno."

"Na wewe wataka?"

"Sijui, mama. Kwa sasa nataka kukaa hapa."

"Basi kaa," alisema, akainuka kwenda kutia maji ya chai.

Nilikaa. Ndugu yangu alikasirika, kisha akazoea. Yule mtu aliyeleta maneno alioa kwengine.

Samaki wa Siamu alikufa katika joto la kaskazi, nyumba ikiwa kama tanuri. Nilimkuta asubuhi amelala ubavu chini ya jani badala ya juu yake, rangi imemtoka. Nilimwopoa, nikamweka juu ya sahani, nikamwita mavyaa. Mimi sikulia. Yeye ndiye aliyelia, kwa sauti, ameshika ukingo wa meza, nami nilijua kuwa hamlilii samaki. Siku ya maziko ya mwanawe alikuwa amewahudumia waombolezaji tangu alfajiri, na sikumwona akitoa chozi.

Nilimkalisha, nikampa maji, nikakaa naye mpaka adhuhuri ilipoadhiniwa. Kisha tukaswali, tukapika.