Mkutano Niliohudhuria Nikiwa Tunduma

Kutoka Tunduma hadi Moshi nilitumia siku mbili na kipande. Nililala Dodoma, na kesho yake rejeta ya basi ikapasuka mbele ya Kondoa, tukakaa barabarani mpaka fundi alipokuja na pikipiki kutoka mjini. Abiria walianza kwa kulaumu kampuni ya basi, wakahamia kwa mbunge, wakaishia kwa serikali. Kisha mama mmoja aliyebeba kuku akasema, "Semeni taratibu, hamjui nani amepanda humu," na wote tukanyamaza na kutazama milima. Nakumbuka ukimya ule kuliko safari yenyewe. Nilikuwa nimeukuta kila mahali nilipopita miaka ile: watu wana hasira iliyojaa mpaka kooni, halafu wanaangalia nyuma kabla ya kusema.

Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu. Nilikuwa nimeishi Mererani, Kahama, Mpanda na mwishowe Tunduma, nikipakia malori ya kwenda ng'ambo, na kila mahali nilisema mwakani narudi nyumbani. Kilichonirudisha safari ile ni simu ya shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ambaye ndiye aliyebaki kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo, kule Uru.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hivi ulikuja huku mwezi wa pili ukaondoka bila kunisalimia?"

"Sijafika huko mwaka wa sita sasa."

"Basi kuna mtu amekuja kwa niaba yako. Amehudhuria mkutano wa kijiji na amesaini. Ana mwandiko mzuri kuliko wako."

Nilidhani anatania, maana ndivyo alivyo. Akaniambia baba naye amesaini, mistari miwili chini yangu. Baba alikuwa na miaka sita kaburini, pale pale kihambani, hatua kumi kutoka jikoni kwake.

Basi nilipofika Bomang'ombe asubuhi ya siku ya tatu, na mlima ukatoka kwenye mawingu upande wa kushoto kama ulivyokuwa ukitoka nilipokuwa mwanafunzi, sikupata ile furaha niliyoizoea kuiota nikiwa Mpanda. Nilikuwa nafikiria mkono wangu wa kulia. Mwezi wa pili ule mkono ule ulikuwa kwenye bendeji, umeshonwa nyuzi kumi na moja baada ya kubanwa na mlango wa lori. Nisingeweza kushika kijiko, sembuse kalamu.

Shangazi alinipa bakuli la mtori wa ndizi, akanisubiri nimalize, ndipo akanionyesha picha kwenye simu yake. Ilikuwa nakala ya muhtasari wa ule mkutano. Ulisema wanakijiji wamekubaliana kwa kauli moja kutoa eneo la chanzo cha mfongo kwa mwekezaji ajenge kambi ya watalii. Mfongo ni mfereji wetu wa asili. Wazee waliuchimba kutoka korongoni juu, na hadi leo kila kaya ina siku yake ya maji. Siku ya shangazi ilikuwa Jumatano. Kahawa yake, migomba, magimbi na majani ya ng'ombe wake wawili vyote vilisubiri Jumatano. Tangu uzio wa kambi uliposimama, Jumatano ilikuwa inaleta matope tu. Na mwekezaji mwenyewe, kwenye karatasi, alikuwa shemeji wa diwani, ingawa vibarua waliojenga uzio walisema maagizo yote waliyapokea kwa diwani.

Picha ile ilipigwa na mwalimu mstaafu, mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Aliituma kwenye kundi la simu la kijiji. Siku mbili baadaye aliitwa kituoni, akaambiwa kundi lile linachochea na alifunge. Akalifunga. Wanakijiji wakaomba mkutano mkuu, ambao ni haki yao kila baada ya miezi mitatu. Mtendaji wa kijiji akasema kibali cha kukusanyika hakijatoka. Wakauliza tangu lini mkutano wa kijiji unahitaji kibali. Akasema tangu hali ilipobadilika.

"Hali gani?" nilimuuliza shangazi.

"Hakuieleza. Ila alifunga dirisha wakati akiisema."

Watu wa Uru hawakuandamana. Walifanya kitu wanachokijua. Jumamosi iliyofuata pembe ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, ilipulizwa, kila kaya ikatoa mtu mmoja na jembe, kama inavyofanyika kila mwaka kabla ya mvua, wakapanda kusafisha mfongo. Mimi nilitoka kwa niaba ya shangazi. Tulichimba na kuongea. Wanaume wakazoea kuniita "meku", yaani mzee, kwa kejeli, kwa sababu nilichoka mapema. Mwalimu alisoma ule muhtasari kwa sauti, mstari kwa mstari, tukiwa ndani ya mfereji, na kila jina lilipotajwa mwenye jina alisema alikuwa wapi siku ile. Mmoja alikuwa hospitali na mkewe. Mmoja alikuwa Kirua Vunjo kwenye msiba. Wanne walikuwa wamekufa, na kwa hao ndugu zao ndio waliojibu.

Jumamosi ya tatu alikuja askari na mgambo wawili.

"Kuna taarifa ya mkusanyiko hapa," alisema askari.

Shangazi alikuwa amekuja kutuletea chai. "Hapa kuna matope, baba," alimjibu. "Kama umekuja na jembe, karibu upande ule, bado hapajaguswa."

Mgambo mmoja, kijana wa pale pale, alitazama chini asicheke. Askari alisimama kidogo, akauliza tutamaliza lini. Mwalimu akamwambia tutamaliza maji yatakaporudi. Wakaondoka.

Jumatatu mtendaji aliniita mimi. Ofisi yake ilikuwa na kalenda ya mwaka uliopita na kiti kimoja tu cha mgeni. Hakunikaribisha.

"Wewe ni mkazi wa kijiji hiki au si mkazi?"

"Kwa nini?"

"Kama si mkazi, mkutanoni huna sauti, na unachofanya kwenye mfereji ni uchochezi. Kama ni mkazi, basi ulikuwepo, na sahihi yako hii hapa. Chagua."

Alikuwa amelifikiria vizuri. Nilitembea mpaka nyumbani nikiligeuza kichwani, kwa sababu kusema kweli hata mimi sikujua jibu. Miaka ishirini nilikuwa najiita mtu wa Uru katika vibanda vya chai vya watu wengine, na katika miaka hiyo Uru wenyewe waliniona kwa nadra. Nilimweleza shangazi akiwa anakata majani ya ng'ombe.

"Mwambie wewe ni mkazi aliyesafiri," alisema bila kuinuka. "Diwani analala Moshi mjini siku zote, mbona hajaulizwa?"

Nilikuwa na tiketi ya kurudi Tunduma Ijumaa ile. Niliiacha ipite. Niliandika barua kwa ofisi ya wilaya, mwalimu akairekebisha, na kaya zote zilizotajwa kwenye muhtasari zikaisaini upya, safari hii kwa mikono yao. Nilitia saini, na kovu la mkono likanisumbua kwenye herufi ya kwanza. Hatukupata jibu kwa wiki tatu. Kisha tukapata: mkutano utafanyika, na afisa kutoka wilayani atakuwepo.

Siku nne kabla ya mkutano, gari la diwani lilisimama kwenye njia ya kihamba. Alishuka dereva peke yake. Alikuwa na mfuko wa sukari, kitenge, na jani la sale lililofungwa fundo.

Kwetu sale ndiyo mmea wa mipaka na wa makaburi, na jani lake ndilo la kuombea msamaha. Aliyekosa akikuletea jani la sale, hulikatai, hata kama alikuulia ndugu. Diwani alizaliwa mlimani na alijua hivyo. Alijua pia shangazi ni mtu wa jumuiya ya kanisa na wa mila, na kwamba akishapokea atasamehe, na akishasamehe atanyamaza, na yeye akinyamaza nusu ya wanawake wa kijiji watanyamaza naye.

Dereva alishika jani kwa ncha za vidole. "Mheshimiwa anasema yaishe, mama."

Shangazi alifuta mikono kwenye kanga. Kisha akalipokea jani kwa mikono miwili, nikadhani ameshindwa.

"Sukari na kitenge rudisha," alisema. "Hivyo si vya mila. Hili nimelipokea."

Dereva alipoondoka nilimuuliza kama sasa amesamehe.

"Nitasamehe. Lakini hajaniambia amekosa nini. Nitamuuliza mbele ya wenzangu, maana hakunikosea peke yangu." Akaliweka jani kwenye ndoo ya maji lisikauke.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule, na watu walikuja hata wale ambao miaka yote hawaji. Polisi walikaa kwenye gari karibu na vyoo. Mtendaji alisoma muhtasari, safari hii haraka. Alipomaliza shangazi aliinua mkono, na kwenye mkono ule alikuwa na jani la sale.

"Mwenyekiti, naomba kuuliza. Hili nililetewa nyumbani Jumanne. Aliyenitumia nataka nimjibu hapa."

Kila mtu pale alijua maana ya jani lile, isipokuwa yule afisa wa wilaya, ambaye alikuwa anatoka mikoa ya kusini. Alimuinamia mwalimu, akaelezwa.

Diwani alisimama akitabasamu. "Mama yangu, yale ni mambo ya kifamilia. Tusiyalete hapa."

"Tuna undugu gani mimi na wewe?"

Kicheko kilianzia nyuma kwa wanawake kikaja mpaka mbele. Diwani akasema alichotaka ni amani tu kati ya majirani.

"Amani nimeipokea, baba. Mtu asiyekosa hatoi sale. Sasa taja ulilokosa, nikusamehe, nikapike."

Hakutaja. Alikaa, akatoa simu, akaiangalia kana kwamba imeita. Alikuwa amepanga kutumia mila kumfunga mdomo mwanamke mmoja, akasahau kwamba amempelekea ungamo lake lililofungwa fundo.

Baada ya hapo maneno yangu yalikuwa mafupi. Nilisema nilikuwa Tunduma. Nilimpa afisa cheti cha matibabu chenye tarehe ya ule mkutano wa mwezi wa pili, nikamwonyesha kovu. Mtendaji akauliza tena, mbele ya watu wote, kama mimi ni mkazi.

"Amechimba mfongo Jumamosi saba," mwanaume mmoja aliyekuwa akiniita meku alisema. "Wewe umechimba ngapi?"

Muhtasari ulifutwa kwa kunyoosha mikono. Uzio uliondolewa mwezi uliofuata. Mtendaji hakufukuzwa, alihamishiwa kata nyingine, na diwani akaendelea kuwa diwani. Mimi niliitwa kituoni mara mbili kueleza nani alinituma, na mara zote mbili nilikuta shangazi na wanawake wanane wa jumuiya wamekaa nje kwenye majani wakisali rozari, bila kibali. Tangu hapo kila msaragambo huanza kwa mwalimu kusoma mihtasari yote ya miezi iliyopita. Hakuna tena anayesubiri kuisikia kwa bahati.

Niliona Jumatano moja maji yakiingia kwenye kihamba, rangi ya chai ya maziwa, yakizunguka mguu wa kaburi la baba. Nikajua naweza kuondoka, na nikajua kwamba nikiondoka kama nilivyozoea, jina langu litabaki kwenye rejesta ya wakazi likisubiri mkono wa mtu. Mtu asiyekuwepo ni mali nzuri kwa mwizi. Nilikuwa nimewaachia mali hiyo miaka ishirini, na kutokuwepo kwangu nikikuita kutamani nyumbani.

Shangazi hakupenda niliposema nakwenda kujiondoa kwenye rejesta. "Unajifuta kama deni la duka," alisema.

"Sehemu yangu ya kihamba ni yako. Nimeandika, mwalimu ni shahidi."

"Na ukirudi?"

"Nitakuja kama mgeni."

"Mgeni hachimbi mfongo," alisema, akageuka kwenye chungu. Akakoroga, akaongeza, "Ila mtori atapata."

Asubuhi ya safari nilipita ofisini kabla ya kushuka stendi. Mtendaji mpya, binti mwenye haraka, alifungua rejesta ya wakazi penye jina langu. Niliandika mwenyewe, polepole kwa sababu ya kovu: amehama. Nikatia saini. Aliitazama, akaniambia haifanani na ile ya kwenye muhtasari.

Nikamwambia haifanani.