Kuhamisha Kompyuta ya Dada

Duka letu la kudarizi liko Karatina, ghorofa ya kwanza, juu ya muuza mbegu. Dada yangu mkubwa ndiye aliyelifungua, mimi nikajiunga naye nilipoacha kazi ya karani. Tunashona beji za shule kwenye sweta: mwenge, jembe, mlima, kitabu kilichofunguliwa. Kila beji aliichora yeye kwenye kompyuta, mshono baada ya mshono, kwa miaka kumi na tano. Mimi nilisimamia mashine. Nilibadilisha nyuzi, nikabana sweta kwenye fremu, nikakata mabaki.

Mwaka juzi alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa ganzi, na maneno yakaanza kumjia polepole, mengine yasije kabisa. Hakuacha kuja dukani. Alipanda ngazi akishika ukuta kwa mkono wa kushoto, akaketi kwenye kiti cha karibu na dirisha, akawa anatazama kazi. Mteja akimwuliza jambo, nilijibu mimi. Niliona ninamsaidia.

Desemba hiyo, shule zikiwa zimeshaleta sweta za Januari, kompyuta ilianza kutoa sauti. Ilikuwa tik, kimya, tik tena, kama mtu anayegonga meza kwa kucha. Beji iliyokuwa ikifunguka mara moja sasa ilichukua dakika nzima. Nilimpigia simu fundi mmoja wa Nyeri, mzee wa Kihindi ambaye baba yake aliwahi kutengenezea nusu ya mji redio. Alinisikiliza, kisha akasema, "Zima. Usiwashe tena. Lete hivyo ilivyo, na waya zake."

Asubuhi yake niliifunga kwa leso mbili. Dada alikuwa amekwisha kuketi kitini pake. Akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea nyuma ya kompyuta.

"Cabi," akasema.

Kikwetu, cabi ni ufunguo. Nikatoa ufunguo wa duka mfukoni, nikamwonyesha. "Niko nao, usijali."

"Cabi," akarudia, kwa sauti ya juu zaidi.

"Nimesikia. Nitakuachia ule mwingine." Nikauweka ule mwingine mapajani mwake. Akautazama, halafu akageuza uso dirishani. Nilidhani amechoka.

Duka la fundi lilikuwa jembamba na refu, na mbele kulining'inia picha ya mungu wao mwenye kichwa cha ndovu, imewekewa maua ya plastiki. Fundi alifungua kompyuta kwa bisibisi, akaitoa diski, akaiweka sikioni kwanza kabla ya kuiunganisha na mitambo yake.

"Iko hai, lakini inaenda kufa," akasema. "Mama, hii programu ya kushona, uko na CD yake?"

Sikuwa nayo. Tuliinunua pamoja na mashine, mikononi mwa mtu aliyekuwa akihama, na kampuni iliyoitengeneza ilishafungwa.

"Basi kunakili faili peke yake haisaidii. Utapata michoro, lakini hakuna kitu ya kuifungua. Tutahamisha mfumo yote, kila kitu vile iko, tuweke kwa diski mpya. Halafu diski mpya tuweke kwa kompyuta mpya. Hapo ndipo kuna kazi."

Alianza saa tatu. Kwenye skrini kulikuwa na mstari wa kijani uliosogea, ukasimama, ukasogea tena. Kila uliposimama, diski ilitoa ile sauti, naye aliacha alichokuwa akifanya akaikodolea macho. Aliniagizia chai. Sikuwa na la kufanya, kwa hiyo nilihesabu kichwani ni shule zipi ningezipigia simu kwanza endapo kila kitu kingepotea. Nilipofika ya sita niliacha.

Saa nane na kitu mstari ulifika mwisho. Akaitia diski mpya ndani ya kompyuta mpya, akabonyeza. Skrini ikawaka, ikaonyesha duara linalozunguka, ikageuka bluu tupu, ikazima. Ikawaka tena yenyewe, ikafanya vilevile. Mara nne.

"Imeamka kwa nyumba ya watu," akasema fundi. "Inatafuta vyombo vyake vya zamani, haivioni."

Aliingia kwenye kurasa za ndani za kompyuta, zile zenye maandishi meupe matupu, akabadilisha jinsi kompyuta inavyozungumza na diski. Jaribio la kwanza lilishindwa. La pili pia. La tatu, picha ya mlima ikatokea. Dada aliipiga juu ya paa la jengo letu, asubuhi moja isiyo na mawingu. Juu yake michoro yote ilikuwa imepangwa kama alivyoiacha. Nilishusha pumzi.

Kisha nikabofya programu ya kushona. Kikatokea kisanduku chenye namba ndefu ya kosa, na programu ikajifunga.

Fundi alijaribu kwa zaidi ya saa nzima. Mwishowe akavua miwani. "Nani alikuwa anatumia hii kompyuta?"

"Dada yangu. Lakini ni mgonjwa. Haongei vizuri."

"Mpigie."

"Mzee, nimekwambia haongei vizuri."

"Sisi tunataka neno moja ama mawili tu. Mpigie."

Nikampigia, nikaweka simu mezani ili sote tusikie. Fundi akainamia simu na kumsalimu kwa heshima. Akamweleza alichofanya, hatua kwa hatua, kana kwamba anazungumza na fundi mwenzake. Halafu akamwuliza kwa nini programu inakataa. Akangoja. Mimi nilitaka kusema kitu kuziba kimya kile, lakini aliinua kidole kunizuia.

"Cabi," ikasema simu. Kidole cha fundi kikabaki juu. "Nyuma."

Fundi alicheka kidogo. "Chabi! Hiyo neno ni yetu." Akageuza ile kompyuta ya zamani, iliyokuwa imelala kwenye meza hiyohiyo tangu asubuhi. Nyuma yake, chini ya vumbi na nyuzi za sweta, kulikuwa na kipande cha plasta ya kidonda. Mimi siku zote nilidhani kinafunika tundu lililoharibika. Alipokibandua, ndani kulikuwa na kitu kama flashi, kifupi kama kiungo cha kidole. Programu za namna hiyo, alinieleza, hazifunguki kama kifaa hicho hakijachomekwa. Dada alikibandika plasta ili mtu asikichomoe akifagia.

Akakichomeka kwenye kompyuta mpya. Programu ikafunguka.

"Imefunguka," akaiambia simu.

"Najua," dada akasema.

Nilirudi Karatina jioni ile. Nilimwomba radhi, kwa maneno machache, nikiwa nimempa mgongo, nachomeka waya. Tangu siku hiyo, fundi akitaka kujua hali ya kompyuta hunipita mimi, humpigia yeye, na huwa nawasikia wakinyamaziana kwa muda mrefu bila wasiwasi.

Beji mbili hazikupona. Zilikuwa zimekaa mahali palipoharibika kwenye diski. Moja ilikuwa ya shule ambayo sweta zake tulikuwa nazo tayari. Nilisema nitampata mtu wa kuichora. Dada akakivuta kipanya cha kompyuta kwa mkono wa kushoto.

Ilimchukua siku nne. Kitabu kilichofunguliwa, na ukurasa wa kushoto ukawa umeinuka kidogo kuliko wa kulia. Alipokwenda kula, niliusawazisha, kazi ya dakika mbili, nikashona sweta ya mfano.

Alirudi, akapitisha kidole juu ya beji.

"Umegusa," akasema.

Nikarudisha mchoro wake ulivyokuwa, tukashona sweta zote hivyo. Mwalimu mkuu alipokuja kuzichukua alikunjua mbili, akazitazama kwenye mwanga wa dirisha, akasema bluu ya beji iko sawa, akamwomba dereva wake azibebe.