Fungu la Msafiri

Harufu ya sombe, kisamvu chetu, ikichemka na mafuta ya mawese ilitupokea tangu kwenye lifti. Majirani wa Thamesmead, huku London, walikunja pua; waache. Nilikuwa na miaka tisa, baridi yangu ya kwanza, na harufu ile ndiyo iliyonionyesha mlango wetu, maana milango yote ya jengo lile ilifanana. Kwetu, milimani juu ya ziwa Kivu, harufu ilikuja na watu wake: Wahavu walipanda na sambaza, vile vidagaa vya ziwani, Watembo walileta ndizi na mawese kutoka msituni, wafugaji walishuka na maziwa kutoka kwenye ukungu wa juu kabisa. Soko moja, lugha chungu nzima, na utani wa bei usiokwisha. Kisha vita ikaja, tukakimbia huku na huku, na kaka yangu Byamungu akapotelea mlimani.

Kwetu, msafiri ana fungu lake. Kila mlo anawekewa bugali na mboga pembeni, inafunikwa, na haili mtu ila yeye mwenyewe, au yule aliyeleta habari ya kifo chake. Likilala, asubuhi wanapewa kuku. Thamesmead hakuna kuku, basi Mama akawamwagia njiwa, akafokewa na msimamizi wa jengo. Alikuwa akisafisha ofisi za watu tangu alfajiri, lakini fungu la Byamungu hakulisahau hata siku moja. Wenzake wa kanisani walimsihi, "Mama Byamungu, lia mtoto wako, upumzike." Akawajibu, "Nilie nani? Chakula chake kiko mezani." Wahenga walisema subira yavuta heri, heri ikiwa haipo, hawakusema inavuta nini. Mimi niliketi mkabala na sahani ile, na mvuke ulipotoka chini ya kifuniko, wallahi niliona kuna mtu anapumua.

Jumapili moja mchana akaja Papa Bahati, jirani yetu wa kule milimani, aliyekuwa ndiyo kwanza amefika London. Alisifu nyumba, akailaani baridi, akaongea mambo yote isipokuwa lililomleta. Mama alifunua sahani ya Byamungu, akaisukuma mbele yake.

"Kama uko na habari yake, kula. Kama hauna, acha."

Papa Bahati aliitazama. Akanawa mikono. Akamega tonge, akameza, machozi yakimdondokea kwenye sombe, na Mama akasimama pale mpaka akamaliza. Ndipo Mama akapiga yowe ambalo sijui lilitoka wapi kwenye mwili mwembamba vile.

Leo naishi Kilburn, upande mwingine wa London, na binti yangu, anayeelewa Kiswahili na kunijibu Kiingereza. Habari za misiba hunikuta kwenye basi, kwenye simu, bila mtu kunawa mikono. Wiki iliyopita binti alichelewa kutoka shuleni, simu yake imezimwa, na wali wake unapoa mezani. Kuufunika niliogopa, asije akawa msafiri. Kuula, Mungu apishe mbali! Nilisimama na kifuniko mkononi, mwanamke mzima, mpaka nikasikia ufunguo mlangoni. Akaketi, akalalamika kwamba wali umepoa, akaufakamia hivyo hivyo. Nilikuwa nalia, naye akanisogezea sahani, akidhani nina njaa.